Matanga Darasani: Mwongozo kwa Mwalimu Wakati wa Gonjwa

Tarehe 4 Januari 2021 shule zilipofunguliwa kwa wanafunzi wote, niliingia Darasa la Saba hapa Kisumu nikiwa na insha tayari kichwani: "Siku Nilizokaa Nyumbani." Nilijiona mwerevu. Watoto walikuwa wamekaa nyumbani tangu katikati ya Machi mwaka uliotangulia, kwa hiyo nikajiambia, waandike watue mzigo, nami nipate alama za kujaza. Usiku, katikati ya rundo la madaftari, nikafika kwenye daftari la mvulana mmoja wa upande wa Dunga. Aya ya kwanza: "Baba ananiambia nisome kwa bidii. Baba anapenda mbuta wa kukaanga." Aya ya pili: walimzika Julai, harakaharaka, watu wachache, wajomba hawakufika. Nami, Mungu anisamehe, nilizungushia duara "ananiambia" na "anapenda", nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Wakati uliopita!" Nikampa 17 kwa 40.

Kesho yake alilifungua daftari, akalifunga, akalaza kichwa juu ya dawati hadi kengele ya chakula.

Mwongozo huu umetokana na duara lile. Nauandika kwa mwalimu wa darasa, si kwa mtaalamu wa akili, kwa sababu mtaalamu yuko mbali na wewe uko pale kila siku saa mbili kasorobo asubuhi. Korona imepoa, lakini sisi wa kando ya ziwa hatuna anasa ya kudhani ilikuwa ya mwisho. Kipindupindu kinatujua kwa majina.

Kabla ya kufanya lolote, jua kilichowapata watoto wako hasa. Miongozo mingi iliyosambazwa kwetu ilianza na hofu: mtoto anaogopa virusi, mtulize. Ni kweli, walikuwepo walioogopa. Ila kwa jinsi nilivyoona, jeraha la watoto wa hapa lilikuwa la maziko. Aprili 2020 maafisa waliovalia mavazi meupe ya kujikinga walimzika mtu usiku huko Siaya, katika kaburi la haraka, na picha zake zikazunguka kwenye simu zote za pwani hii ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria. Watoto waliziona. Juni 2021, kirusi aina ya Delta kilipotukamata, kaunti 13 za eneo la ziwa na Magharibi ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Maiti azikwe ndani ya saa 72, waombolezaji wasizidi 50. Sina ugomvi na amri hizo, hospitali zilikuwa zimeelemewa. Lakini mtoto wa Kijaluo hufundishwa kifo matangani. Huona ng'ombe wakiswagwa kwa tero buru, mila ya kufukuza kifo, husikia shangazi akimwimbia marehemu na kumsemesha kana kwamba amekaa pale kwenye kiti chake, hukesha, hula na watu wengi, na baada ya siku kadhaa mwili wake wenyewe unajua kwamba mtu ameondoka. Wakati ule watoto wengi walinyimwa darasa hilo. Walilala wana baba, wakaamka pana tuta la udongo.

Ukilielewa hilo utaona kwamba mvulana wa Dunga hakukosea sarufi. Alikuwa anamsemesha baba yake. Matanga yake hayakuwa yamekwisha, na mahali pekee alipopata pa kuyamalizia palikuwa daftari langu la insha.

Pia kulikuwa na maji. Mwaka huohuo wa 2020 ziwa lilipanda kupita kiasi, likaingia Dunga na Usoma, mito ikavunja kingo kule Nyando, familia zikahamia kwenye makanisa na madarasa matupu. Basi usimuulize mtoto "korona ilikufanya nini?" Huenda kilichomuumiza ni mafuriko, au nyumba kukosa chakula soko la Kibuye lilipofungwa, au baba aliyekaa nyumbani miezi sita bila kazi na mkono mwepesi wa kupiga.

Asubuhi na rejista

Anza na ratiba. Iandike ubaoni kila asubuhi, hata kama wote wanaijua: Hisabati, Kiswahili, mapumziko, Sayansi, chakula. Mtoto ambaye mambo makubwa yamembadilikia bila taarifa anahitaji kujua kwamba saa nne kutakuwa na mapumziko, na saa nne ikifika mapumziko yawepo. Ukilazimika kubadilisha, mwambie mapema na umwambie kwa nini. Serikali ilibana kalenda, mwaka wa masomo wa 2021 ukaanza Julai, likizo zikawa za kuvuta pumzi tu. Hilo halikuwa mikononi mwetu. Saa nne ya darasa lako iko mikononi mwako.

Rejista ni chombo chenye ncha kali kuliko unavyofikiri. Usiyaruke majina ya wasiokuja. Yasome. Asiyejibu, uliza mara moja kwa sauti ya kawaida, "Nani ana habari zake?" kisha uendelee. Ukitaka zaidi, mtafute jirani yake wakati wa mapumziko. Ukifanya baraza pale pale, watoto watakupa uvumi, na mwenye jina akirudi wiki ijayo atakuta darasa zima linajua kwamba dada yake aliolewa. Na kama mwanafunzi amefariki, usikate jina lake kwa rula kabla darasa halijaambiwa. Nimeona hilo likifanyika. Watoto wanaona kutoka safu ya mbele.

Sema ukweli, mfupi

Watakuuliza. Jibu kwa maneno machache na ya kweli, kulingana na umri. Sema: "Mama yake amekufa. Alikuwa na korona na mwili wake ukashindwa. Hatarudi. Wengi wanaougua hupona." Usiseme amelala, maana kuna mtoto wa Gredi ya Pili atakayekataa kulala usiku huo. Usiseme amesafiri, atamngoja stendi. "Mungu amempenda zaidi" inafariji watu wazima. Mtoto wa miaka saba atajiuliza ni nani mwingine Mungu anampenda. Mimi ni mtu wa kanisa na sikuambii uifiche imani. Nakuambia neno "kufa" litangulie, sala ifuate.

Usipojua, sema hujui, na umtaje utakayemuuliza. Kisha umuulize kweli. Mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji cha shule atakuja bila ya posho ukimkaribisha vizuri. Akijibu maswali matano ya watoto kwa dakika ishirini, utakuwa umezima uvumi wa muhula mzima. Na uvumi tulikuwa nao: joto la Kisumu linaua kirusi, chang'aa inasafisha koo, Mwafrika hashikwi. Uvumi ukitajwa, usimdhihaki aliyeuleta. Uandike ubaoni, uliza darasa "tuliusikia wapi?" na mfuatilie njia yake pamoja, kutoka kwa mpanda boda hadi kwa binamu hadi kwenye simu. Watoto hupenda upelelezi huo, na mwishoni wanajicheka wenyewe.

Kuna sentensi moja nakuomba uiondoe kabisa kinywani mwako. Ilisemwa kwenye magwaride mengi, kwa nia njema: "Msipovaa barakoa mtawaua nyanya zenu." Fikiria mtoto aliyelelewa na nyanya yake, na nyanya akafa Juni 2021. Yule mtoto sasa ni muuaji, na hana wa kumwambia. Watoto wadogo kwa kawaida hudhani mawazo na makosa yao ndiyo yanayosababisha mabaya. Kwetu kuna chira pia juu ya hayo, ile imani kwamba aliyevunja mwiko huleta maradhi nyumbani. Tulishapita njia hii. Ukimwi, uliotangazwa kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, ulijaza madarasa ya Nyanza na mayatima, na sisi watu wazima tukawafunika kwa maneno ya "aliugua kwa muda" na minong'ono ya chira. Waulize walimu waliofundisha miaka ile. Watakuambia mayatima waliosumbuka zaidi ni wale walioachwa wakisie wenyewe.

Kwa hiyo msogelee mtoto kama huyo, inama mwe macho kwa macho, umwambie: "Si wewe. Hukumuua nyanya. Ni ugonjwa." Usitegemee aitikie. Rudia wiki ijayo.

Kikohozi nyuma ya darasa

Hebu tuone jambo dogo lenye uzito. Katikati ya somo, msichana wa safu ya nyuma anakohoa mara tatu. Dawati la mbele yake linasogea. La pembeni nalo. Kimya kinaingia, na macho yote yanakutazama wewe uone utafanyaje.

Tembea umwendee. Vaa barakoa yako vizuri, weka nafasi inayotakiwa, lakini miguu yako ielekee kwake, kwa sababu darasa zima linasoma miguu yako. Muulize kwa sauti ya chini kama anajisikia vibaya. Kisha utoe darasa lote nje dakika tano, chini ya mti, kana kwamba ulikuwa umepanga. Akihitaji kupelekwa zahanati, aondoke wakati wengine wako nje, asindikizwe na mtu mzima, si kiranja. Mkirudi ndani sema waziwazi: kikohozi kinaletwa na mengi, moshi wa kukaushia samaki mmojawapo, na homa huku kwetu, penye malaria mwaka mzima, si hukumu ya korona. Atakaporudi, mpokee kwa jina na umrudishie kiti chake kilekile.

Hofu ikipanda darasa zima, pumzi husaidia kuliko hotuba. Mimi huwaambia: vuta kama unanusa samaki wa mama akitoka kwenye mafuta, polepole, kupitia pua. Sasa toa kama unapoza nyuka, uji wa moto, kwenye kikombe, usiimwage. Mara tano. Wa madarasa ya juu watajifanya wakubwa na kucheka. Wacha wacheke, kicheko nacho ni pumzi.

Insha, na kalamu yako

Usimlazimishe mtoto kusimulia msiba wake, wala mbele ya wenzake wala kwenye karatasi. Makosa yangu ya Januari yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kuchagua kichwa kimoja kwa wote, kana kwamba miezi tisa ya watoto hamsini ilikuwa kitu kimoja. Toa vichwa vitatu, kimoja kiwe mbali kabisa na gonjwa: mechi, mzee mcheshi wa mtaani, ziwa alfajiri. Mtoto atakayetaka kusema atasema hata ndani ya mechi. La pili lilikuwa kusahihisha. Tangu hapo nina daftari la pili, jembamba, lisilo na alama. Humo natumia kalamu ya kawaida ya buluu na naandika kama mtu anayemjibu mwenzake: "Nimesoma. Pole sana. Alipenda mbuta wa Dunga au wa Usenge?" Swali dogo la kweli ni bora kuliko aya nzima ya kufariji. Wadogo wachore. Wasioandika waachwe.

Yule mvulana nilimwendea baada ya siku mbili, siku mbili za aibu ambazo hazikunisaidia chochote. Nilimwomba msamaha. Nikamwambia sentensi zake zilikuwa sawa na mimi ndiye niliyekosea. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, futa basi." Wino mwekundu haufutiki. Nilichukua wembe nikakwangua maduara yote mawili, karatasi ikatoboka kidogo kwenye "anapenda", na akasema imetosha.

Msiba wenyewe ukiingia darasani

Akifiwa mmoja, darasa lifanye jambo, lakini uliza nyumbani kwanza. Mtume mtu mmoja au nenda mwenyewe. Familia nyingine haitaki ugonjwa utajwe, na ni haki yao. Kisha fanyeni kitu kifupi chenye mwanzo na mwisho: wimbo mmoja wanaoujua wote, dakika ya kimya, kila anayetaka aseme neno moja la kumkumbuka aliyeondoka. Mruhusu mtoto amsemeshe marehemu. Usimkatize kwa sarufi wala kwa theolojia. Kama ni mwanafunzi aliyekufa, dawati lake libaki wiki moja, mwishoni waulize wenzake walipeleke wapi. Watakuwa na maoni, na kulibeba wenyewe ni sehemu ya maziko ambayo hawakuhudhuria. Mwambie mfiwa siku moja kabla ya kurudi ni nini wenzake wanajua, asiingie gizani. Na darasani usimfanye yai. Mpe kazi yake ya kufuta ubao kama kawaida.

Wavulana waliorudi na pesa mfukoni ni hadithi nyingine. Shule zilipofungwa walivua omena usiku kwa taa, waliendesha boda, walichota mchanga. Wengine walilisha nyumba wakiwa na miaka 14. Unapomwambia huyo akae chini achomekee shati, usishangae akikuona mtoto. Ugumu wake wengi wetu tuliusoma kuwa utovu wa nidhamu, na kuanzia Oktoba 2021 mabweni yalipoungua sehemu mbalimbali za nchi nilijiuliza ni wangapi kati yao walikuwa wazee waliorudishwa utotoni. Sisemi ndiyo sababu pekee. Nasema mpe heshima ya kazi aliyoifanya. Katika somo la vipimo nilimwita mmoja ambaye hakuwa amefungua mdomo wiki mbili, nikamwomba aeleze jinsi omena inavyopimwa ufukweni. Alieleza gorogoro, ile ya kujazwa hadi ipate kilima na ile ya kusawazishwa kwa kiganja, na jinsi mchuuzi anavyopata faida katika tofauti hiyo. Dakika kumi. Nilipata mfano wa ujazo ambao hakuna kitabu kinao, naye akapata kiti chake.

Kwa msichana aliyerudi na mimba au mtoto, miongozo ya Wizara ya mwaka 2020 kuhusu kurudi shuleni iko wazi: ana nafasi yake, na si hisani. Asijadiliwe mbele ya darasa. Apewe ruhusa ya kutoka kunyonyesha bila kutangaza. Ila ukijua kwamba nyuma ya mimba kuna mvuvi aliyemhonga samaki, ile biashara ya jaboya, au jirani, au mjomba, hapo umeingia kwenye Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, na kuripoti si hiari. Wazazi watakuja na mbuzi wa kumaliza mambo nyumbani. Usikae kikao hicho.

Wakati wa kumkabidhi kwa mwingine

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia lilifupisha kazi katika vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Walimu huwa hodari kwa kusikiliza, wavivu wa kutazama, na waoga wa kuunganisha. Mtazame zaidi aliyenyamaza kuliko anayepiga kelele. Mtoto wa miaka sita aliyeanza tena kujikojolea, wa tisa anayeumwa tumbo kila Jumatatu, wa kumi na tatu aliyeacha kandanda aliyokuwa akiipenda, yeyote anayesinzia kila siku: hao waandike. Wengi watatulia ndani ya wiki chache wakiwa na ratiba na mtu wa kuwajua. Asiyetulia baada ya mwezi, au anayezidi kuzama, mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha na zahanati. Anayesema anataka kufa, usingoje hata jioni, na usimwache peke yake.

Kamwe usiahidi siri kamili. Sema mapema: "Utakayoniambia nitayalinda, isipokuwa kama kuna anayekuumiza au wewe mwenyewe unataka kujiumiza. Hapo nitatafuta msaada, na nitakuambia namtafuta nani." Watoto wanaielewa sentensi hiyo kuliko tunavyodhani. Baadhi watanyamaza siku hiyo na kurudi ya tatu.

Nawe? Shule zilipofungwa kuna walimu wa shule za kibinafsi na wale walioajiriwa na bodi waliokaa miezi bila mshahara, wakauza mboga, kisha wakarudi kuwafundisha wengine kutulia. Mimi mwenyewe nilizika. Chagua mwenzako mmoja katika chumba cha walimu, mkubaliane kwamba kila Ijumaa mnakunywa chai pamoja na hamzungumzii silabasi. Ukishindwa kusimama mbele ya darasa siku fulani, mwombe akushikie kipindi. Machozi yakikutoka mbele ya watoto, yafute uwaambie, "Nimemkumbuka ndugu yangu," na uendelee na somo. Hakuna aliyewahi kuharibika kwa kuona hilo.

Kazi ya mwisho ifanye leo, kabla ya gonjwa lolote. Chukua ukurasa wa nyuma wa rejista uandike namba: mwalimu wa ushauri nasaha, zahanati ya karibu, mhudumu wa afya ya jamii, afisa wa watoto wa kaunti ndogo, chifu, na 116, laini ya watoto inayopokewa bure usiku na mchana. Hiyo 116 iandike kwa kalamu ya wino. Nyingine ziandike kwa penseli, maana machifu huhamishwa na wahudumu hubadilisha laini, na uzipigie zote kila mwanzo wa muhula uone nani anapokea.